Mgahawa wa kahawa Soweto, Mbeya: kikombe nyota nne na nusu, ukuta nyota mbili

Nianze na bei maana najua wengi mnashuka chini kuitafuta. Kahawa nyeusi ya kuchuja 3,000, espreso 2,500, zile za maziwa zenye povu kati ya 4,000 na 5,000, chai ya maziwa 1,500, chapati 1,000, sambusa ya nyama 1,000, na kuna keki ya 3,500 ambayo mi sikuigusa. Kwa Mbeya hiyo sio bei ya kijiweni, kijiweni kikombe mia mbili na kashata juu yake, kwa hiyo usimpeleke mtu pale na elfu mbili mfukoni halafu uje useme nimekuponza. Jina la sehemu siliweki, hawana muda mrefu tangu wafungue na nina maneno ya kuwasema, ila wenyeji mtapajua tu: Soweto, ghorofa ya chini, kioo kikubwa mbele, na ndani ukuta mzima umepakwa rangi nyeusi ukajazwa maandishi ya chaki. Huo ukuta ndo umenifanya niandike marefu hivi, kahawa yenyewe ningeimaliza kwa mistari minne.

Kahawa yao ni nzuri, tusipindishe. Inatoka Mbozi na wanaikaanga wenyewe nyuma ya jengo, ukipita barabarani asubuhi harufu inakudaka kabla hujaona kibao. Kijana wa kaunta anapima kwenye kamizani kadogo ka umeme, vile vya wanunuzi wa dhahabu kule Makongolosi, anasaga hapo hapo, anaweka karatasi ya chujio juu ya kikombe anailowesha maji ya moto na yale maji anayamwaga, ndo anaweka unga, anatia maji kidogo unga unavimba na kutoa mapovu, anasubiri, halafu anamimina kwa kuzungusha taratibu hana haraka kabisa na foleni ipo. Nikamuuliza sasa maji ya kwanza unamwaga ya nini, akanijibu "karatasi ina ladha yake mzee wangu, usipoiosha utakunywa karatasi". Haya. Ina uchachu wa mbali, ukimeza unabaki na utamu mdomoni, na mi ni mtu wa vijiko vitatu vya sukari ila pale sikuweka hata kimoja. Najua Mbozi iko mkoa wa Songwe tangu 2016, watu wa Vwawa huko Mbozi msije na maneno, ila kahawa ya Mbozi sisi wa Mbeya bado tunaihesabu ni ya nyumbani.

Sasa kibao. Nje wameandika MKAHAWA kwa herufi kubwa na kuna jamaa niliyekuwa naye akaanza kucheka eti wamekosea, inatakiwa "mgahawa". Hawajakosea. Yote mawili yapo kwenye Kiswahili na yote yametoka kwenye kahawa, ni sehemu ya kunywea kahawa, basi. Waarabu wa Ghuba wenyewe hawasemi qahwa kama vitabuni, wanasema gahwa, kwa hiyo hiyo g na k zimekuwa zikibadilishana nafasi hata huko zilikotoka. Kinachochekesha ni kingine: hebu ingia mgahawa wowote Mwanjelwa au Kabwe uagize kahawa uone. Wali upo, maharage yapo, chipsi mayai zipo, chai ya rangi ipo kwenye chupa tangu alfajiri, ukisema kahawa dada anakuangalia kama umeagiza dawa, ukibahatika anakuletea maji ya moto na kopo la kahawa ya unga ujikorogee. Yaani nyumba imepewa jina la kinywaji na kinywaji kimehama kikaacha jina mlangoni. Na sio sisi tu tuliofanya hivyo, Wafaransa café ni kahawa na café ni nyumba yenyewe, na humo watu wanakula na kunywa divai mpaka usiku. Waturuki wao wanasema kahvehane, nyumba ya kahawa, ingawa siku hizi humo ndani glasi nyingi mezani ni za chai. Kwa hiyo pale Soweto ni mgahawa wa kweli kwa maana ya neno, na kwa Mbeya unaweza kuhesabu iliyopo.

Tuje kwenye ukuta. Wazo lao ni zuri, hilo nawapa: wameandika neno kahawa kwa lugha kibao, mishale inatoka katikati inakwenda huku na huku, qahwa, kahve, caffè, café, koffie, coffee, kávé, kawa, kahvi, na chini kuna herufi za Kijapani zinasomwa kohi. Wateja wanapiga picha hapo kila saa. Mi nilikaa nalo kama saa zima nikaona linasomeka vizuri ukijua nani alimuuzia nani. Waarabu wa Yemeni waliinywa kwanza, Waturuki wakaichukua kwao wakaita kahve kwa sababu ile w ya Kiarabu kwao inakuwa v, Waitalia wa Venisi wakainunua kwa Waturuki ikawa caffè, Waholanzi wakasema koffie, Waingereza wakaipata kupitia kwa Waholanzi ikawa coffee. Wafini wanaongoza kwa kunywa kahawa nyingi kwa kichwa na wao wanasema kahvi, ukiisikia haraka haraka unaweza kudhani Mswahili ana mafua. Sisi hatukuhitaji kupitia Ulaya, tuliipata moja kwa moja kwa Waarabu kwenye majahazi ndo maana tuna kahawa kamili na a zake tatu. Halafu vuka hapo Kasumulu uingie Malawi, mwendo wa saa chache kutoka Soweto, wenzetu wanasema khofi. Unajua moja kwa moja nani alifika kwao na chupa ya kwanza. Wakongo wanasema "kawa", Wanyarwanda wanasema "ikawa". Hilo la Malawi halipo ukutani na lingewafaa wateja wa Mbeya kuliko hiyo ya Kijapani, nusu ya wanaokaa pale wana ndugu au biashara huko mpakani.

Shida inaanza kwenye maelezo. Katikati ya ukuta wameandika kwa uhakika kabisa kwamba neno limetoka Kaffa, jimbo la Ethiopia, na pembeni wamechora mchungaji na mbuzi wanarukaruka. Mbuzi wamechorwa vizuri sana, wana ndevu na macho ya walevi. Ila hadithi ya mchungaji na mbuzi wake ilianza kuandikwa Ulaya, Roma, mwaka 1671, wakati huo Yemeni walishakunywa kahawa kama karne mbili. Na hiyo ya Kaffa inavutia kwa sababu majina yanafanana na kweli mti wenyewe asili yake ni misitu ya huko Ethiopia, lakini Waethiopia wenyewe kinywaji hicho hawakiiti kaffa wala kahawa, wanakiita buna. Sasa mtu aende kwa mwenye mali, aone mali, aambiwe jina la mali, halafu achukue jina la wilaya? Inawezekana ila mi ningeandika "wengine husema" kisha niendelee na kazi. Wanakamusi wa Kiarabu wa zamani walishakuwa na neno qahwa kabla hata ya kahawa, lilikuwa moja ya majina ya mvinyo, wakilifafanua kwa kile kitenzi cha kukosa hamu ya chakula, maana mnywaji anashiba kinywaji. Baadaye masufi wa Yemeni karne ya 15 wakawa wanakunywa hiki kinywaji cheusi wakeshe kwenye dhikiri, jina likahamia huku. Fikiria hilo, jina la mvinyo limeishia kwenye kinywaji cha watu wa kukesha na Mungu. Hicho ndo kisa cha kuchora ukutani, mbuzi wapumzike.

Na hapo ndo nafika kwenye kilichoniuma. Kwenye ukuta wote ule, maneno yote yale mpaka Kijapani, hakuna BUNI.

Waarabu wana maneno mawili, kinywaji ni qahwa ila ile punje yenyewe ni bunn. Hiyo bunn na buna ya Ethiopia ni ndugu, sikio tu linakwambia. Kiswahili kikachukua yote mawili, tena bila kuyachanganya: kahawa ni ya kikombeni, buni ni tunda na punje, na mti ni mbuni. (Ndiyo, ndege mbuni naye anaandikwa hivyo hivyo, mtoto wangu aliwahi kuniuliza kama kahawa inatagwa.) Ulaya neno la pili halikufika, au lilifika likafia kwa wasomi, wao walipokea kitu kimeshamenywa, kukaushwa na kufungwa kwenye magunia hivyo wakabaki na jina la kikombe tu, wanalitumia kwa mti, kwa punje na kwa kinywaji. Anayelima ndiye anahitaji maneno mawili. Sasa mgahawa uko kilomita sabini hivi kutoka mashamba yenyewe, unajisifia kwenye kila karatasi kwamba unanunua kwa wakulima, unaandika kávé ya Hungaria na buni unaiacha nje!

Mi duka langu ni la pembejeo, kwa hiyo hili neno nalisikia mdomoni kwa watu. Sawa, mkulima wa Mbozi ukimuuliza unalima nini atakwambia kahawa, hasemi buni, ni kweli. Lakini msubiri mvua zikolee. Anakuja na tawi kwenye mfuko wa nailoni, matunda mabichi yana madoa meusi yaliyobonyea, mengine yamekauka yamebaki yamening'inia, na anachouliza ni "una dawa ya chulebuni?" Chulebuni ndo ugonjwa unaowatoa machozi, ukiuachia unaondoka na mavuno, na tunawapa dawa za kopa au tunawaambia waende Mbimba kituo cha TaCRI, ile taasisi ya utafiti wa kahawa, wakaulizie miche inayostahimili. Kwa hiyo buni haijafa, imejificha ndani ya ugonjwa. Na kuna kichekesho hapa, yule kuvu anayeleta chulebuni wanasayansi mwaka 1993 walimpa jina la Kilatini Colletotrichum kahawae, yaani kahawa yetu hii hii, ya Kiswahili, wameivalisha mkia wa Kilatini. Mzungu wa maabara kachukua "kahawa", mkulima wa Mbozi kabaki na "buni", ugonjwa ni mmoja. Hilo lingewekwa ukutani ningelipa hata keki. Na wanunuzi wa kahawa wanalo hilo neno kwenye vitabu vyao, kahawa iliyoanikwa na ganda lake bila kumenywa mashineni biashara nzima inaiita mbuni, hata mnunuzi wa nje analijua, na bei yake iko chini ya ile iliyooshwa.

Nikamwambia yule kijana wa kaunta. Nikamwambia mdogo wangu, na Bukoba je? Maana kule kwa Wahaya wana amwani, Waganda wanasema emmwanyi, halikutoka Uarabuni wala Ethiopia, ni la kwao, na walikuwa wanachemsha hizo punje wanakausha na kutafuna hata kabla Mjerumani hajafika. Mgeni akija nyumbani anapewa atafune, hakuna kikombe hakuna maji. Huo ni ukoo wa tatu wa neno kabisa na uko ndani ya nchi hii hii. Kijana akasema ukuta ulichorwa na fundi kutoka Dar na maneno aliyatoa kwenye simu. Akaniahidi atamwambia bosi. Tuone.

Menyu nayo ni ya Kiitalia mwanzo mwisho na mhudumu hajui inasema nini, nimemjaribu. Late kwa Kiitalia ni maziwa, basi, ukienda kwao ukaagiza "late" utaletewa maziwa na glasi. Espreso ni ya kukamuliwa, makiato ni yenye doa. Hizo sio siri, zingeandikwa chini kwa herufi ndogo mtu asiagize kwa kuonyesha kidole. Ila iliyonifurahisha ni kapuchino. Ile imeitwa kwa ajili ya mapadre Wakapuchini, wafuasi wa Mtakatifu Fransisko, kwa sababu kahawa ikichanganyika na maziwa inafanana na kanzu yao. Kanzu yao ni rangi gani? Kahawia! Na kahawia kwetu imetoka wapi? Yaani Mwitalia kachukua rangi ya kanzu akaita kinywaji, Mswahili kachukua kinywaji akaita rangi ya kanzu, wamepishana njiani hawajasalimiana. Waturuki nao wamefanya kama sisi, rangi hiyo wanaita kahverengi, rangi ya kahawa. Ndo tukirudi kwenye kikombe, kapuchino ya pale povu ni zuri ila maziwa yanapashwa mno, siku niliyoagiza ulimi uliungua na ladha ya Mbozi yote ikazama humo. Agizeni nyeusi.

Jingine la kuwasema. Kwenye kila meza kuna kikaratasi kimelaminishwa: mteja wa kikombe kimoja asizidi saa moja. Naelewa, kuna vijana wanaingia na laptopu wanaagiza maji madogo wanakaa mpaka jioni wanakula intaneti na soketi, biashara haiendi hivyo. Lakini kahawa ndo kinywaji cha kukaa jamani, tangu mwanzo. Watawala walikuwa wanaiogopa kwa sababu hiyo hiyo, kwamba watu wakishakaa nayo wanaongea. Makka mwaka 1511 gavana aliipiga marufuku, sultani wa Kairo akaja kulegeza. London nyumba ya kahawa ya kwanza ilifunguliwa 1652, na haikupita miaka ishirini na kitu mfalme Charles II akatangaza zifungwe zote, watu wakaja juu na tangazo likaondolewa hata halijaanza kutekelezwa. Na sisi kijiwe cha kahawa ni nini kama sio bunge? Pale kwa mzee wa birika karibu na stendi watu wanaunda baraza la mawaziri na kulivunja kabla kashata haijaisha, na hakuna anayeangalia saa. Kile kikaratasi wangekibana kwenye soketi, wakaacha mezani pakae watu.

Huduma kwa ujumla safi. Wanasalimia, wanakuita kwa heshima, bili inakuja bila kuvutana na wanapokea kwa simu. Choo kisafi, maji yapo, sabuni ipo. Muziki uko juu kidogo. Sambusa mi naipa alama nzuri kuliko keki zote zinazoonekana kwenye kioo, nyama sio viazi vilivyojificha, na pilipili wanaleta pembeni. Chapati ya kawaida tu, ukichelewa unakuta imekauka. Chai ya maziwa wanaitengeneza kwa majani ya Rungwe na ni nzito hasa, na ukikaa pale utaona wateja wengi wanaagiza hiyo badala ya kahawa, Mbeya ni Mbeya, mtu hata akilima kahawa mgeni wake asubuhi anamkaribisha chai. Simlaumu.

Wanauza pia pakiti za kahawa ya kwenda nayo nyumbani, gramu 250 kwa 9,000. Ya punje nzima chukua, angalia tarehe ya kukaangwa imeandikwa kwa kalamu nyuma. Ya kusagwa niliyochukua ilikuwa imesagwa laini mno kwa kuchemsha kwenye sufuria, machicha yalikuja mpaka kikombeni, nikarudi wakanisagia nyingine bila kelele na bila kunidai. Mwezi wa sita na wa saba kwa baridi ile ya kwetu pale ndani panajaa kuanzia saa moja asubuhi, wahi, na kaa meza za ndani karibu na mashine maana za nje zinakula upepo wa mlima Loleza na vumbi la bajaji. Jumapili wanafungua saa saba mchana, baada ya ibada.